Alama Nyekundu kwenye Kaburi la Zebedayo

Jua la Matema huchelewa kutoka. Milima imesimama upande wa mashariki, mirefu kabisa, na jua lazima lipande kwanza ndipo lituone. Kwa hiyo mimi Habiba hufungua duka langu kukiwa bado na ubaridi. Nauza sukari, chumvi, sabuni na nyuzi za nyavu. Babu yangu alitoka pwani kuja huku kuuza vitambaa, akasahau kurudi. Majirani hunitania kwamba Kiswahili changu kina mapambo. Waache waseme. Chumvi yangu wananunua.

Mteja wangu wa kwanza kila siku ni jirani yangu Marta. Marta ni mjane. Mume wake, Zebedayo, alikuwa mvuvi wa usipa, vile vidagaa vya ziwa letu. Alipougua aliomba azikwe ufukweni, kwenye kiwanja chake, pale alipokuwa akianika usipa wake. Akazikwa pale. Kaburi limesakafiwa kwa saruji, lina msalaba na jina lake.

Kila asubuhi Marta hupita kaburini kwanza. Hufagia majani, hukaa kidogo, kisha humsalimia mumewe kwa Kinyakyusa: "Ugonile, Zebedayo?" Yaani, umeamkaje? Halafu huja dukani kwangu kutafuta sukari na maneno.

Jambo jingine mlijue. Marta amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima pale kanisani. Husoma kwa kidole. Kidole kikisimama, naye husimama. Lakini maandishi ya pakiti za sabuni dukani kwangu ameyasoma yote, mpaka nikamwambia, "Shoga, sasa anza kuzinunua."

Jumatatu ile sikusikia salamu. Nilisikia yowe.

Nilitoka mbio na kopo la kupimia sukari mkononi. Nikamkuta Marta amepiga magoti mchangani. Juu ya kaburi mtu amechora alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ilikuwa imetiririka mpaka kwenye jina la marehemu.

Yarabi! Nyumba ikichorwa X nyekundu, kila mtu anajua maana yake. Itabomolewa. Labda barabara inapita hapo. Lakini kaburi? Aliyelala chini ya ardhi ahamie wapi?

"Habiba," Marta akaniambia kwa sauti ndogo, "wamemwandikia kuvunjwa."

Kopo likanidondoka.

Hatujamaliza kushangaa, pikipiki ikaja. Akashuka mwanamume nadhifu, amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, kalamu mbili mfukoni. Akasema anaitwa Jackson na anafanya kazi ya Serikali Kuu.

"Poleni, mama zangu," akasema. "Eneo hili linatwaliwa kwa manufaa ya umma. Tangazo la Serikali limeshatoka. Hili hapa. Lina namba, lina nembo."

Akampa Marta karatasi. Marta akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Midomo ikaanza kucheza.

Jackson akacheka kidogo. "Mama, utasoma nini hapo? Hiyo ni lugha ya sheria. Cha kujua ni kimoja tu. Mwisho ni Jumamosi. Mkimhamisha wenyewe, vizuri. Msipomhamisha, watakuja vibarua na sululu. Na vibarua mnawajua. Hawana adabu na mfupa wa mtu."

Marta akakiondoa kidole kwenye karatasi.

Nami nikanyamaza, mimi Habiba ninayebishana hata na mvua. Ile nembo ilinifunga mdomo. Tulipokwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akatoa karatasi kama ile kutoka mezani kwake. "Hata mimi ameniletea," akasema. "Nimeshtuka kama ninyi. Lakini ina nembo. Nifanyeje?"

Habari zikafika kwa Ambilikile, kaka mkubwa wa marehemu. Ambilikile anaishi juu kidogo, kwenye migomba yake. Ni mzee mwenye sauti nene. Akishaamua jambo, hata mkewe hutoka nje akamwachia nyumba.

"Kibarua amguse ndugu yangu?" alinguruma. "Kwa sululu? Mfupa wa Zebedayo uchukuliwe na mtu asiyejua hata jina la baba yake? Haitatokea! Tutamhamisha sisi wenyewe, kwa mikono yetu. Nitachimba kaburi jipya hapa kwenye migomba. Nitatoa ng'ombe. Ndugu zetu wote waitwe, wa kule Njisi na wa kule Ngana. Ni msiba wa pili huu. Lazima ufanyike kwa heshima."

Basi msiba ukaanza. Jamani, nimeona mengi, lakini msiba wa mtu aliyekwisha kufa sijapata kuuona! Wanawake walifika na mikeka na masufuria. Vilio vikaanza upya. Dume jeusi la ng'ombe likafungwa kwenye mti. Vijana wakachimba kaburi katikati ya migomba, refu na zuri. Marta alikaa kwenye mkeka ametazama ukutani. Hali wala hanywi.

"Nilimzika mara moja," aliniambia. "Nilidhani nimemaliza. Nitamwona tena, Habiba? Nitamwona akiwa hivyo?"

Nilimshika mkono.

Alhamisi jioni Marta alinipa ile karatasi nimtunzie. Nikaitandaza juu ya meza ya duka, karibu na mizani. Hapo ndipo nilipoitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Juu ilikuwa na nembo, maneno "Tangazo la Serikali", namba na mwaka. Herufi zake zilikuwa nene. Kuanzia katikati kwenda chini herufi zilikuwa nyembamba. Na kati ya juu na chini palikuwa na mstari mweusi, kama kivuli cha karatasi iliyowekwa juu ya karatasi nyingine.

Mimi ni mfanyabiashara. Gunia la zamani likija na mshono mpya, silipokei mpaka nilifungue. Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikamkumbuka Yasini. Yasini ni mtoto wa shangazi yangu. Ni mkutubi, yaani mfanyakazi wa maktaba, katika chuo kikuu kimoja huko Mbeya. Kila Idi akija hapa hutuchosha na habari za maktaba yake. Sisi tunakula pilau, yeye anatuhesabia rafu. Husema wana chumba kizima cha nyaraka za serikali: sheria, kanuni, ripoti, magazeti ya serikali. Siku zote nilikuwa namwambia, "Yasini, kula, nyama inapoa."

Nilifunga duka nikapanda kwa Ambilikile.

"Mzee Ambilikile," nikasema, "kesho mimi na Marta tunakwenda Mbeya. Tunataka kulitafuta tangazo hili lenyewe, lile la asili. Tuone linasema nini."

Akanitazama kama nimemtukana. "Habiba, unataka tushindane na serikali?"

"Sisemi tushindane nayo. Nasema tuisome."

"Karatasi si hiyo unayo?"

"Hii ni karatasi aliyotuletea Jackson. Nataka kuona ya serikali. Utafukua kaburi la ndugu yako kwa neno la mtu wa pikipiki?"

Alilitazama lile dume. "Jumamosi ni Jumamosi," akasema mwishowe. "Msipokuwa mmerudi, mimi nafukua."

Tuliondoka alfajiri. Tulipanda gari la Kyela, kisha basi la Mbeya, tukapandisha milima ya Tukuyu kwenye ukungu. Marta aliikumbatia pochi yake njia nzima.

Kwenye mlango wa maktaba, Marta akavua ndala.

"Shoga, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Sakafu inang'aa, Habiba. Na watu wamenyamaza kama wanasali."

"Vaa viatu vyako. Hawasali, wanasoma."

Mlinzi akatabasamu. Akatuomba vitambulisho, akatuandika majina na kutuambia mifuko ibaki kwake. "Wageni wanaruhusiwa kusoma humu ndani," akasema. "Ila kitabu hakitoki nje."

Marta akashangaa. "Hata mimi? Mimi si mwanafunzi."

"Hata wewe, mama. Kila maktaba ina utaratibu wake, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mlangoni kama ulivyofanya. Hapa kwetu, kitambulisho kinatosha."

Tukamwomba mlinzi atuitie Yasini, naye akaja, miwani juu ya paji la uso. Aliponiona alishtuka. "Dada Habiba! Kuna msiba?"

"Upo," nikamjibu. "Na maiti ni yule yule wa zamani. Tusikilize."

Tukamweleza yote. Akaipokea karatasi, akaishusha miwani machoni. Hakusema ni ya kweli wala ya uongo. Alisema tu, "Twendeni tukaone."

Akatupeleka kwenye chumba cha ndani. Loo! Kumbe pilau yangu ilikuwa inashindana na kitu kikubwa hivi! Rafu mpaka juu, na vitabu vinene vyekundu na vya bluu vimejipanga mwaka kwa mwaka.

"Hili ni Gazeti la Serikali," Yasini akasema. "Si gazeti la mpira na siasa. Hutoka kila wiki. Serikali ikitunga kanuni au ikitoa amri ya kisheria, huitangaza humu, ili mwananchi asiambiwe tu, aweze kuona mwenyewe. Kila tangazo lina namba yake na mwaka wake. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu kila mwaka namba huanza upya. Haya, mama Marta, nisomee mwaka."

Marta akanitazama. Nikamwachia. Kidole kikatua kwenye karatasi. Akausoma mwaka. Kisha akaisoma namba, tarakimu moja moja.

"Vizuri sana. Sasa tunatafuta kitabu cha mwaka huo." Yasini akavuta kitabu kimoja, akakilaza mezani. "Ungekuwa hujui namba, tungeanza na faharasa, yaani orodha ya vichwa vya matangazo. Lakini sisi tunayo. Fungua, mama. Fungua wewe."

Marta alifuta mikono kwenye kanga. Akafunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kidole kikasimama.

"Namba ni ile ile," akanong'ona. "Na mwaka ni ule ule."

Kumbe tangazo lipo! Nikajiona mjinga, nimemleta mjane mpaka Mbeya kuja kuumia mara ya pili.

"Usiishie kwenye namba," Yasini akasema. "Soma kichwa chake."

Marta akarudisha kidole juu ya ukurasa. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. "Kanuni... za... Usafi... wa... Minada... ya... Mifugo." Akasoma tena. Halafu akaniuliza, "Habiba, mifugo si ni ng'ombe na mbuzi?"

"Ni ng'ombe na mbuzi, shoga."

"Zebedayo yuko wapi hapa?"

"Endelea mpaka mwisho," Yasini akasema.

Akaendelea. Ilichukua muda, nasi tukamngoja. Zilikuwa kanuni za mnada wa ng'ombe katika wilaya nyingine kabisa, mbali na ziwa letu. Hapakuwa na Matema. Hapakuwa na kaburi. Palikuwa na habari za maji ya kunywesha mifugo na mahali pa kutupa samadi.

Astaghfirullah! Nilikaa chini kwenye sakafu ile ile inayong'aa. Mtu amechukua kichwa cha tangazo la mbolea akakiweka juu ya kichwa cha marehemu!

Yasini naye alikuwa ameduwaa. Akaziweka karatasi mbili pamoja. "Sehemu ya juu ni ya kweli," akasema. "Amekata nembo na namba, akabandika juu ya maneno yake, akatoa kopi. Nimefanya kazi hapa miaka, sijaona ufedhuli kama huu."

"Kwa hiyo hakuna tangazo la kaburi letu?" Marta akauliza.

"Subiri kwanza. Hili si lenu, hilo ni hakika. Lakini huenda lipo jingine. Tusifurahi kabla ya kutafuta." Akapitia faharasa ya mwaka ule na ya miaka iliyofuata. Akaangalia pia matangazo mapya kwenye kompyuta, maana siku hizi mengi yanapatikana kwenye mtandao wa serikali. Hakuona kitu kuhusu Matema. "Mimi sijaliona," akasema. "Ila kutoliona maktaba si mwisho. Ofisi ya ardhi ya wilaya ndiyo itakayothibitisha. Nendeni na kopi ya ukurasa huu."

Kisha akatoa kitabu kingine cha sheria. "Na hii muijue. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi. Serikali inaweza kuhamisha kaburi ikihitaji ardhi kwa manufaa ya umma. Lakini lazima itoe taarifa kwanza. Na ndugu wa marehemu wana haki ya kufidiwa gharama za kumhamisha na kumzika upya, hata za mila zenu. Haiji tu pikipiki na kopo la rangi."

Nilikuwa nawaza jambo moja. "Yasini, huyu Jackson hakutuomba kitu. Hakutaka hata soda. Alichotaka ni tumhamishe wenyewe. Kwa nini?"

Aliyejibu ni Marta.

"Kiwanja hakina hati," akasema polepole. "Sisi tunakijua kwa mababu. Watu wakiuliza ni cha nani, tunawaonyesha kaburi. Kaburi ndilo shahidi wetu." Akaniangalia, macho yamemtoka. "Anajua hatuwezi kumwachia kibarua. Anajua tutamtoa kwa mikono yetu. Halafu hapatakuwa na kaburi, Habiba. Na hakuna atakayesema yeye ndiye aliyelitoa."

Mtu yule aliijua heshima yetu kwa wafu, akaigeuza mtego! Katukamata kwa wema wetu wenyewe.

Yasini akakimbia kutoa kopi. Sisi tukatoka nje kumpigia Ambilikile. Simu ikaita, ikaita. Mwishowe akapokea, na nyuma yake nikasikia nyimbo za msiba na mlio wa jembe kwenye saruji. Ko! Ko!

"Mzee! Mnafanya nini?"

"Tumeanza," akasema. "Jackson amepita asubuhi. Amesema vibarua wanaweza kuja leo leo. Sikutaka wanikute."

Marta akaninyang'anya simu. Mwanamke yule mpole, aliyevua ndala mlangoni, alipiga kelele mpaka wanafunzi wote uwanjani wakageuka. "Shemeji! Acha jembe! Weka chini! Tangazo ni la ng'ombe! Nimesoma mwenyewe, shemeji, ni la mnada wa ng'ombe!" Kisha akaendelea kwa Kinyakyusa, kwa kasi, machozi yakimtoka. Mimi niliambulia maneno machache tu. Moja lilikuwa Kyala, yaani Mungu.

Kule upande wa pili nyimbo zikakatika. Mlio wa jembe ukakoma.

"Umevunja wapi?" Marta akauliza.

Ambilikile akashusha sauti yake nene. "Pembe," akasema. "Pembe ya miguuni tu."

Marta akakaa kwenye ngazi za maktaba. Alilia kama siku ya mazishi.

Jumamosi Jackson alikuja na pikipiki yake. Nadhani alitegemea kukuta shimo. Alitukuta sote tumeketi kwenye mikeka kulizunguka kaburi: ndugu wa Njisi, ndugu wa Ngana, mtendaji wa kijiji, na askari wawili ambao mtendaji aliwaita tulipomwonyesha kopi. Lile dume jeusi nalo lilikuwapo.

"Karibu, mwanangu," Marta akamwambia. Akampa kopi ya ukurasa kutoka maktaba. "Nisomee kichwa cha tangazo lako."

Jackson akatazama karatasi. Akatazama askari. "Mama, hii... labda ofisini walikosea namba..."

"Ofisi gani?" mtendaji akamuuliza. Jackson akataja ofisi moja. Askari mmoja akamuuliza iko jengo gani. Akataja jengo moja, kisha akajirudi akataja jingine. Njia ya mwongo ni fupi. Alijaribu kuwasha pikipiki, lakini Ambilikile alikuwa ameshaketi juu yake. Askari wakaondoka naye.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya ardhi ya wilaya, mtendaji akiwa mbele yetu. Afisa ardhi alisoma kopi zetu zote mbili. Akasema serikali haina mradi wowote pale ufukweni. Kisha akafungua faili jingine.

"Ila kuna mtu ameomba apewe kiwanja hicho ajenge nyumba ya wageni," akasema. "Si Jackson, ni tajiri wake; huyo Jackson wenu ndiye aliyeyaleta maombi. Katika maombi yake amesema eneo ni tupu. Hakuna mwenyewe wala kaburi."

"Amesema lini?" nikauliza.

Afisa akatazama tarehe. "Mwezi uliopita."

Marta alishika kingo za meza. Hata rangi nyekundu ilikuwa haijanunuliwa, na tayari mtu alikuwa amemfuta Zebedayo! Hata afisa mwenyewe alitikisa kichwa.

Maombi yale yalisimamishwa siku hiyo hiyo. Marta naye akaanza safari ya kutafuta hati yake, na mtendaji na majirani tulitoa ushahidi. Kesi ya Jackson na tajiri wake iko mahakamani. Mtendaji siku hizi akiletewa karatasi yenye nembo huuliza namba, mwaka na kichwa, kisha anatafuta ya asili kabla hajaigonga muhuri. Na dukani kwangu watu huja na makaratasi ya kila aina. Mimi huwaambia, "Mpeni Marta asome kwanza. Mpaka mwisho."

Lakini lilibaki jambo moja. Kule kwenye migomba lilikuwapo kaburi lililochimbwa, wazi, linamsubiri mtu. Katika ukoo wao, shimo la kaburi halifukiwi likiwa tupu. Wanasema litamwita mwingine. Ambilikile alikata mgomba mnene, akauvika sanda, vijana wakaubeba. Walimzika mgomba kwa heshima zote. Wanawake walianza kulia kwa mazoea, kisha mmoja akacheka, na wote wakaangua kicheko wakiwa wameshika vitambaa vya machozi. Dume jeusi lilipona. Sasa wanaliita Gazeti.

Ambilikile hakucheka. Baada ya shughuli alichukua saruji kidogo na kijiko cha kujengea, akashuka peke yake mpaka ufukweni. Akaiziba ile pembe aliyoivunja. Hakumwambia mtu, lakini duka langu liko hapo hapo, na macho ninayo.

Marta aliisugua X kwa mchanga wa ziwa mpaka vidole vikachubuka. Nilimwambia, "Shoga, nunua rangi nyeupe, nitakukopesha." Akakataa. Alitaka itoke, si ifunikwe.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa bado nyuma ya milima. Nilikuwa nafungua dirisha la duka. Nikamwona amesimama kaburini na ufagio wake, na saruji imerudi rangi yake. Nikamsikia.

"Ugonile, Zebedayo?" akasema. Akainama, akaweka kidole kwenye jina la mumewe, akalisoma lote, herufi kwa herufi. "Lala, baba. Nimesoma mwenyewe."